Nimepunguzwa kazi, bosi anataka nisaini laki 7 yaishe. Stahiki zangu hasa ni zipi?

Binti_wa_stoo:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana usingizi sipati. Nilikua natunza stoo kwenye duka moja la jumla hapa Dar, nimeanza Machi 2021 na wao ndo walinitoa Mwanza kuja huku. Mshahara laki 5 na 20 kwa mwezi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Tarehe 30 Septemba 2024 bosi kaniita akasema biashara imeyumba, kesho usije, basi, hakuna barua wala kikao, na mshahara wa Septemba wenyewe hajalipa. Leo tarehe 19 kanipigia niende kuchukua laki 7 ila nisaini kwanza karatasi imeandikwa sidai chochote. Nikimuuliza kiinua mgongo ananijibu kipo NSSF. Likizo za nyuma nilienda zote, ya mwaka huu bado. Kodi inaisha mwezi huu jamani, nikubali?

Mtu wa Tabata:
Pole dada. Hapo kwenye kiinua mgongo bosi yupo sahihi mbona, si wanakukata kila mwezi? Chukua hiyo laki 7 uendelee na maisha, kesi zinachosha.

HR_mstaafu:
Hapana mkuu, usimpoteze dada wa watu. NSSF ni michango yake, ile asilimia 20 yake na ya mwajiri, na kiinua mgongo ni deni lingine kabisa ambalo mwajiri analipa mwenyewe kutoka mfukoni kwake. Hili jambo nimeligombania miaka mingi, watu wanadanganywa hivi hivi na wanaondoka.

Binti usisaini kitu. Tupige hesabu kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwanza tafuta mshahara wako wa siku: unachukua wa mwezi unagawa kwa 4.333 unapata wa wiki, halafu unagawa kwa siku 6 unazofanya kazi. Kwako inakuja kama 20,000. Sasa mshahara wa Septemba 520,000, huo umeshaufanyia kazi hauna mjadala. Hujapewa notisi, na anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28, kwahiyo anakulipa mshahara wa mwezi badala yake, 520,000 nyingine. Likizo ambayo hujaenda inahesabiwa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, yani kama siku 2 kila mwezi, kuanzia Machi mpaka Septemba ni miezi 7 kwahiyo siku 14, hapo 280,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Umetimiza 3, hiyo miezi 7 ya juu haihesabiki, inakuja 420,000. Jumla 1,740,000 na bado nauli. Walikutoa Mwanza, wakurudishe Mwanza na mizigo yako au wakupe hela ya usafiri, na hela ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Na cheti cha utumishi ni haki yako, sio fadhila.

Kaka_mpole:
Mimi mwaka juzi nilisaini karatasi kama hiyo nikiwa na mtoto hospitali, ikaja kutumika dhidi yangu. Usiende peke yako dada. Ila HR naomba niulize, mtu akiacha kazi mwenyewe hizo zote anapata?

HR_mstaafu:
Sio zote. Ukijiuzulu unabaki na mshahara wa siku ulizofanya, likizo yako na cheti. Kiinua mgongo kinalipwa pale mwajiri ndo anakuachisha na uwe umetimiza angalau miezi 12, tena aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Na ukiondoka bila notisi mwajiri anaruhusiwa kukata. Ndo maana wengine wanakulazimisha uandike barua ya kuacha kazi, hiyo barua inawaokolea hela nyingi.

Binti, kikubwa kwako saivi ni siku. Kulalamikia kuachishwa kwenyewe unatakiwa ufike CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Leo umeshatumia 19. Simu na bosi hazisimamishi hizo siku hata mkiongea kila jioni. Nenda kajaze fomu namba 1, hulipii, nakala moja umfikishie bosi. Watawakalisha kwa msuluhishi kwanza, na mengi yanaishia hapo hapo.

Binti_wa_stoo:
Mungu awabariki sana, nimelia kusoma hiyo jumla. Jumatatu asubuhi naenda. Shida mkataba wangu alibaki nao yeye, mimi sina hata nakala, mshahara nilikua naingiziwa kwa simu. Itakubalika?

HR_mstaafu:
Kuandika na kutunza mkataba ni kazi ya mwajiri, akishindwa kuuleta mbele ya tume mzigo wa kuthibitisha unamuangukia yeye. Wewe nenda kwa mtandao wako wa simu waombe wakutolee taarifa ya miamala kuanzia Machi 2021, beba na kitambulisho cha kazi kama unacho. Na zile meseji zake za laki 7 usifute hata moja.

Kaka_mpole:
Kama hauna wa kukusindikiza Jumatatu nitumie ujumbe, mke wangu yupo likizo atakuja.