Tupeane uzoefu: Mtera imewahi kukutia adabu?

Wakuu, mliowahi kutega nyavu au kutupa ndoano bwawa la Mtera tujuane hapa. Naanza mimi.

Nilifika upande wa Migoli 2006, mwaka ule wa mgao wa umeme. Maji yalikuwa yameukimbia ukingo, unatembea kwenye tope lililopasuka mpaka uufikie mtumbwi. Nimekulia Kanda ya Ziwa, basi nikajiona fundi. Nikasahau kwamba hili ni bwawa la umeme: likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na 690 ndiyo mwisho wa kuendeshea mitambo. Katikati hapo ukingo unahamahama, na visiki vya miti iliyozama vinatokeza na kupotea.

Alfajiri navuta, wavu hauji. Navuta tena, nasikia "trrr". Mzee niliyekuwa naye akanishika mkono: "Mwanangu, kisiki hakivutwi." Akashusha upondo, akaipapasa kamba ya chini, akawa anachomoa tundu moja moja huku perege wakipigapiga mikia pembeni. Saa nzima! Tulipata perege 11, na nyavu mbili nikarudi nazo kama chandarua kilichotafunwa na panya.

Ndoano Butu:
Pole mkuu. Mimi ni wa mishipi, usiku, kambare tu. Chambo changu kipande cha sabuni ya mche, cheka utakavyo. Siku ya kwanza nilimkamata kwa furaha, akanichoma na mwiba wa pezi, kiganja kikavimba hadi kesho yake. Kambare unambana nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya ile miba miwili ya pembeni. Na ni mtelezi, ukimlegezea kidogo anazungusha mwili.

Mama wa Darajani:
Nyie wanaume mnasimulia nyavu tu. Sisi tunaowakaanga tukiuzia mabasi ya Iringa na Dodoma nani atatusemea? Perege akilala kwenye wavu hadi jua limepanda, nikimtia kwenye mafuta anamomonyoka. Abiria dirishani anageuza geuza, ananirudishia. Kaka, hao 11 wa saa nzima nisingekununulia hata nusu bei.

Upepo wa Saa Saba:
Hamjataja kiboko. Tulikuwa wawili, mawimbi ya mchana yameanza, jamaa anasema kile ni kisiki. Kisiki kikapumua. Sijawahi kupiga kasia vile, na tangu siku hiyo saa tano niko nchi kavu, samaki wapo hawapo.

Mleta mada:
Dada wa Darajani umenimaliza 😂 Wale 11 tuliwala wenyewe, wa kuchemsha, na ndimu. Ndoano Butu, hiyo sabuni ni ya rangi gani? Au yoyote ile?

Ndoano Butu:
Ya bluu haikunipa kitu. Nyeupe.