Nimeuziwa nishani ya Keya iliyofutwa jina kwa tupa, mnada unaniambia "umenunua kama ilivyo"

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Uzi huu nauandika kwa hasira.

Mwaka wa sita huu nakusanya vitu vya askari wa vita kuu zote mbili, hasa vya Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Muingereza la askari Waafrika. Majeshi ya Muingereza yaliingia Dodoma Julai 1916 yakitokea Kondoa. Chakula, ng'ombe na vijana vikaenda na vita, pande zote mbili zikichukua, na njaa iliyofuata wazee wa Kigogo wanaiita Mtunya mpaka leo. Bibi yangu alikuwa hawezi kuona ugali unamwagwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, sifanyi biashara.

Shida ni kwamba vitu vyenyewe vingi viko Uingereza, kwenye minada ya mtandaoni, na huku tunavifuata kwa pauni.

Mwezi wa tatu ikatokea nishani ya fedha ya vita ya 1914 hadi 1918, imeelezwa kuwa ya askari wa batalioni ya 6 ya Keya. Batalioni hiyo iliundwa 1917, na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa wamempigania Mjerumani kabla ya kutekwa. Mtu wa aina hiyo, aliyevaa sare mbili katika vita moja, nimemtafuta miaka yote sita. Nikaomba picha ya ukingo mzima. Wakatuma picha ya nusu, ina ukungu, wakasema jina "linasomeka vizuri". Nikakesha, nikashinda kwa pauni 95. Weka juu yake ada ya mnunuzi, posta na ushuru.

Kwa wasiojua: thamani ya nishani hii iko ukingoni. Kichwa cha Mfalme George wa Tano mbele na mpanda farasi nyuma viko kwenye mamilioni ya nishani nyingine. Ukingoni ndiko walikogonga kwa mashine namba, cheo, jina na kikosi. Nishani za Keya wa vita ya pili zilitolewa bila majina, kwa hiyo hizi za kwanza ndizo pekee zinazokwambia ilikuwa ya nani.

Mzigo ulipofika nilienda nao kwa sonara, pamoja na nishani nyingine ya aina hiyo hiyo niliyonayo. Akaweka lenzi jichoni, akaizungusha taratibu, kisha akanirudishia bila kusema kitu, akachukua ile ya pili. Akazipima zote mbili. Ile ya zamani milimita 36 kamili. Hii mpya pungufu, na upungufu wenyewe hauko sawa, upande mmoja imeliwa zaidi. "Hii imepigwa tupa," akasema, "halafu mtu akachonga kwa mkono." Ukipitisha ukucha kwenye herufi unasikia makwaruzo. Herufi za kugongwa hazikwaruzi hivyo.

Maana yake kuna askari alifutwa jina lake ili liandikwe jingine linalouzika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Nishani nyingi za fedha ziliyeyushwa bei ya fedha ilipopanda karibu na 1980, hii ikanusurika tanuru, ikaja kufa kwa tupa ya mchuuzi!

Watu wa mnada nimewaandikia mara nne. Jibu la kwanza: umenunua kama ilivyo. La pili: muda wa malalamiko umepita. Umepitaje, wakati mzigo ulikaa forodhani wiki tano? La tatu na la nne hayajaja. Na muuzaji yule yule ameweka nyingine mbili juzi, picha za ukingo zikiwa nusu vilevile.

Benki nimeshaomba warudishe malipo, wanataka maelezo ya maandishi ya mtaalamu. Sonara amekubali kuandika na kusaini. Kama kuna mdau amewahi kurudishiwa pesa kwa njia hiyo, anieleze alipeleka karatasi zipi. Na wenye nishani za babu zenu kabatini, msimpe mnunua chuma chakavu. Pigeni picha ukingo wote kwanza.

Jambo la mwisho. Chini ya jina la uongo, ukiishika pembeni ya dirisha asubuhi, inaonekana namba 4 na mguu wa herufi R. Anayejua namna ya kusoma maandishi yaliyofutwa kwenye fedha aniambie, nataka kujua alikuwa nani.