Naomba ushauri: dawa kinga ya VVU na matibabu ya kawaida Atlanta

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, mimi ni mwanamume Mweusi ninayependa wanaume wenzangu, nami natumia vidonge vya PrEP (dawa ya kujikinga na VVU) vya kila siku, ambavyo hudai kipimo cha VVU kila baada ya miezi 3 na figo kuangaliwa mara kwa mara. Nimebadilisha kazi na bima imekatika, na jimbo letu la Georgia, kama mjuavyo, halijapanua kikamilifu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Je, kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato zinatoa pia sindano ya kinga ya VVU ya lenacapavir ya kila miezi 6, iliyoidhinishwa Juni 2025? Natafuta vilevile daktari wa kunitibu presha, kwani wa mwisho, nilipomweleza maumivu ya kichwa, aliniuliza habari za ngono tu, mashine ya kupimia ikiwa mezani haijaguswa.