Tupeane uzoefu: usingizi enzi za bweni

Mama Wawili: Jana saa 5:30 usiku nimemkuta binti yangu wa kidato cha tatu katumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue, kitabu cha Kemia mapajani. Nikajiona mimi kabisa. Nimemfuta miguu, nikamlaza. Ninyi mlikuwaje?

Kidevu: Beseni! Umenikumbusha mbali.

Mzee wa Msuli: Mimi nilikesha siku 3 mfululizo kabla ya pepa ya Hesabu ya kidato cha nne, natafuna buni kavu ili nisisinzie. Asubuhi nikaandika namba ya mtihani, nikafanya swali la kwanza, la pili nikainamisha kichwa nifikirie kidogo. Nikaja kushtuka msimamizi ananigonga bega, zimebaki dakika 40. Udenda umelowesha karatasi, wino umetapakaa juu ya grafu. Kanuni nilizokariri usiku kucha haikuja hata moja. Nikapata F, somo nililokuwa naongoza darasa. Mpaka leo nikiota, naota lile dawati.

Kamanda: Tusitafute visingizio. Sisi tulilala saa 6, kengele saa 10, mchakamchaka, na tulifaulu.

Muuguzi wa Zamu: Kaka Kamanda, mlifaulu, lakini si kwa sababu hamkulala. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Akibalehe, melatonini, ile homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, inachelewa kama saa 2 hivi. Ndiyo maana saa 4 usiku bado yuko macho, na alfajiri kumwamsha ni vita. Huo si uvivu. Tena ni usingizini ubongo unapohifadhi alichosoma mchana. Buni haiondoi uchovu, inakuzuia tu usiusikie.

Kamanda: Mbona Randy Gardner, Mmarekani wa miaka 17, alikaa macho siku 11 mpaka Januari 1964 na hakufa?

Muuguzi wa Zamu: Siku ya mwisho walimwambia atoe 7 kutoka 100 mfululizo. Alipofika 65 akanyamaza. Kuulizwa kulikoni, akasema amesahau anafanya nini. Huyo ndiye umwingize kwenye pepa?

Dada wa Bweni B: Naombeni niseme langu. Taa zikizimwa, sisi tulikuwa tunaingia na koroboi ndani ya neti. Usiku mmoja rafiki yangu akapitiwa na usingizi, neti ikashika. Niliamshwa na joto usoni, naylon inadondoka matone ya moto. Tulimvuta kwa miguu. Daftari lake la Historia lilikuwa wazi ukurasa uleule aliouanza saa 2.

Kidevu: Mungu wangu.

Mama Wawili: Alipona?

Dada wa Bweni B: Alipona, ana kovu mkono mzima. Mtihani hakufanya mwaka ule.

Mzee wa Msuli: Pole sana dada.

Baba Junior: California tangu Julai 2022 ni sheria, sekondari za serikali nyingi hazianzi kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mwanangu anapanda basi la shule saa 11 alfajiri. Jumamosi namwacha alale mpaka adhuhuri.

Muuguzi wa Zamu: Adhuhuri mbali mno, Jumapili usiku hatalala. Mwongezee saa moja, mbili basi.

Kidevu: Simu zilale sebuleni.

Kamanda: Hapo kwenye simu tuko pamoja.

Mama Wawili: Leo saa 3:30 kashalala. Beseni nimelowekea maharage.