MJADALA: James Bond ajaye, tunabishania rangi wakati swali liko kwingine

Wakuu, heshima mbele.

Daniel Craig alimaliza kazi ya kuigiza James Bond, yule jasusi wa Uingereza wa kwenye filamu, mwaka 2021, tena kwa muvi iliyovunja ile kanuni yetu kwamba steringi hafi. Tangu hapo ubishi wa nani amrithi haujapoa, na mwaka 2025 ulipamba moto zaidi. Amazon, ambayo iliinunua kampuni ya filamu ya MGM kwa dola bilioni 8.5 mwaka 2022, ilichukua mamlaka ya maamuzi kutoka kwa familia ya Broccoli, watayarishaji wa filamu hizi tangu mwanzo, ikawakabidhi Amy Pascal na David Heyman utayarishaji, Denis Villeneuve uongozaji na Steven Knight uandishi. Ukifungua mjadala wowote unakuta kambi mbili: lazima awe mzungu, au safari hii ni zamu ya mweusi. Msimamo wangu ni huu: atafutwe mwigizaji anayeiweza kazi, wa rangi yoyote, kisha Bond aandikwe kumfuata yeye. Kila mara mfululizo huu ulipopona baada ya kuyumba, ulipona kwa njia hiyo.

Tuanze na hoja ya vitabu, kwa sababu ndiyo inayorushwa kila siku: mwandishi Ian Fleming alimuumba Bond akiwa mzungu, basi abaki hivyo. Haya, tuvifuate vitabu kwelikweli. Bond wa Fleming ana kovu kwenye shavu la kulia na nywele nyeusi zinazomwangukia usoni. Sijamsikia hata mmoja akidai kovu. Fleming mwenyewe hakumkubali Sean Connery, Bond wa kwanza wa filamu hizi, mwanzoni. Alimtaka mtu wa tabaka la juu, akaletewa kijana wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa na kunyanyua vyuma. Filamu yake ya kwanza, Dr. No, ilipotoka mwaka 1962 na watu wakaipenda, Fleming akabadilika, na katika kitabu cha 1964 akampa Bond baba Mskoti. Mwenye kitabu alikirekebisha kitabu chake kwa ajili ya mwigizaji! Sasa sisi tunakilinda dhidi ya nani?

Angalieni pia alivyoingia Roger Moore mwaka 1973. Waandishi walijua hawezi kuwa Connery, wakamwondolea vitu vya Connery: badala ya sigara akavuta sigari kubwa, ukali ukapungua, utani ukaongezeka. Akadumu miaka 12 na filamu saba. George Lazenby kabla yake, mwaka 1969, aliipata nafasi kwa kufanya kinyume: alinyoa kwa kinyozi wa Connery, akavaa suti iliyoshonwa kwa ajili ya Connery. Filamu yake naipenda sana, na alijitoa mwenyewe, ila kila ukimtazama unamwona anapimwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na Craig mnakumbuka? Alipotangazwa mwaka 2005 watu walifungua hadi tovuti ya kumgomea. Ana nywele za dhahabu, mfupi, sura ya bondia. Halafu muvi yake ya kwanza, Casino Royale, ikaja. Rudieni ile mbio ya mwanzo kwenye jengo linalojengwa. Anayekimbizwa ni Sébastien Foucan, mmoja wa waasisi wa mchezo wenyewe wa kukimbia mjini ukiruka kuta na mapaa (parkour). Anafika kwenye ukuta, anapenya kwenye tundu dogo kule juu kama maji. Craig anakuja nyuma yake, hata hatafuti tundu, anaupasua ukuta kwa mwili wake na kutokea upande wa pili akiwa na vumbi. Hakuna neno linalosemwa, lakini umeshaelewa huyu ni Bond wa namna gani. Tukio lile limekatwa kwa kipimo cha mvaaji. Ukimpa Moore lingekuwa kichekesho.

(Muvi hiyohiyo ilinikera kwa jambo jingine. Inatuonyesha Mbale, Uganda, kama kambi ya waasi msituni, na hata haikurekodiwa Uganda. Mbale ni mji wa kahawa chini ya Mlima Elgon. Nadhani sisi wa huku tungepaswa kupigia kelele hilo kwa nguvu ileile tunayobishania nayo rangi ya steringi.)

Wengine wanasema jasusi mweusi ataonekana haraka mno kwenye kasino za Ulaya. Sawa, lakini Live and Let Die ya 1973 ilishajibu. Bond anafuatilia gari hadi Harlem, eneo la watu weusi jijini New York, na mtaa mzima unamripoti hatua kwa hatua kwa sababu ni mzungu peke yake. Hata jasusi mwenzake wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambaye ni mweusi, anamkejeli kwa kuja Harlem na uso ule. Kujificha kunategemea uko wapi, na mwandishi mzuri atalitumia hilo kutengeneza hatari.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya wale wanaosema tuunde jasusi wetu, tuache kuomba urithi wa Waingereza. La kwanza nakubaliana nalo kabisa. Ila waigizaji weusi wanaotajwa sana, Idris Elba na Daniel Kaluuya, ni wazaliwa wa London. Wazazi wa Kaluuya wametoka Uganda, naye ana Oscar ya mwaka 2021. Hawaombi urithi wa mtu, wanagombea kazi nchini kwao.

Mwanamke? Namba 007, ile namba ya kijasusi ya Bond, ilishashikwa na mwigizaji Lashana Lynch kwenye muvi ya 2021 na hakuna kilichoharibika. Jina James Bond libaki la mwanamume, wanawake waandikiwe watu wao.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni umri. Craig alihitaji miaka 15 kwa filamu tano. Barua pepe za kampuni ya Sony zilizovuja mwaka 2014 zilionyesha Pascal, huyuhuyu mtayarishaji wa sasa, ambaye wakati ule alikuwa bosi wa filamu pale Sony, akimtaka Elba. Wakati ule ingewezekana. Elba amezaliwa 1972, muda umempita, na Moore aliyemaliza akiwa na 57 alikiri mwenyewe kwamba alikaa kupita kiasi.

Kwa hiyo wale wa "mzungu tu", naomba mnitajie kitu kimoja, ukiacha rangi, ambacho Connery, Moore na Craig walikuwa nacho wote watatu na mweusi hawezi kuwa nacho. Na wale wa "mweusi lazima", tajeni mtu mwenye umri chini ya miaka 40 na muvi aliyoigiza iliyowafanya muamini anaiweza.