Tupeane uzoefu: propaganda ya Al-Shabaab ilikufikiaje kwenye simu?

Mwanzisha mada (Mombasa): Wanajukwaa, salaam. Kwetu ilianza na CD. Mawaidha ya Aboud Rogo, yule mhubiri wa Mombasa aliyeiunga mkono Al-Shabaab, yalizunguka mkono kwa mkono, na alipouawa Agosti 2012 yakaendelea kuishi YouTube. Leo wanayasikiliza vijana ambao wakati huo walikuwa chekechea. Mwaka huohuo Al-Shabaab wakatoa jarida la Gaidi Mtaani, kwa Kiswahili, kurasa zimepambwa vizuri. Yaani walengwa tulikuwa sisi. Kwako ilikujaje? Tusiweke majina wala viungo vya video.

Mdau wa Likoni: Mtoto wa mama mdogo hakuletewa bunduki kwanza. Aliletewa malalamiko. Polisi walipovamia msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, Februari 2014, picha tuliziona sote, na lile jambo lilitokea kweli. Ujanja wao ndio huo: wanachukua kidonda kilichopo, wanakibandikia maneno yao. Akaweka maoni ya hasira chini ya video moja, mtu akamwambia "njoo inbox". Kutoka hapo wakahamia Telegram, sisi hatuoni kitu. Aliyeshtuka ni mama yake, tena kwa sababu ya bando. Kijana hana kazi, hakopi kwa mtu, na bando haliishi. Nani anamnunulia?

Wa Nairobi: Mimi nakumbuka shambulio la Al-Shabaab kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013. Ofisini watu waliacha redio wakawa wanasoma Twitter ya wauaji wenyewe. Akaunti ikifungwa, wanafungua nyingine. Serikali inasema jengo limedhibitiwa, wao wanasema bado wamo. Waliouawa walifika 67, na hata waliokuwa wakiwalaani walikuwa wanasambaza maneno yao. Ukimya wa serikali uliwapa uwanja, hilo sitaacha kulisema.

Mama wa Dar: Msilifanye la dini moja. Machi 2019 yule mbaguzi wa Christchurch, New Zealand, aliwapiga risasi Waislamu msikitini huku akijirusha mubashara Facebook. Walikufa 51. Facebook walisema waliondoa nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24, na bado mwanangu wa sekondari aliipata kwenye kundi la mashabiki wa mpira! Kundi la kubishania Simba na Yanga, jamani. Aliyeituma aliandika tu "oneni hii".

Wa Kwale: Huku ni ajira. Unaahidiwa kazi nje, nauli juu yao, ila usimwambie mtu nyumbani. Hilo sharti la mwisho ndilo la kuliogopa.

Mwanzisha mada: Ndugu wa Likoni, bando lilikuwa linatoka wapi?

Mdau wa Likoni: Nambari tusiyoijua, tulipopiga ilikuwa imezimwa. Mjomba alikaa naye wiki nzima bila kumgombeza, wakazungumza hadi hayo ya polisi, akamkubalia palipo na haki. Siku hizi anaendesha bodaboda Ukunda. Wa Kwale, kuna mtu wenu aliyeahidiwa kazi hivyo? Alikwenda au mlimuwahi?