Tupeane uzoefu: mliosoma darasa moja na watoto wa wakimbizi au wahamiaji

Mtu wa Buha: Wakuu, binti yangu wa darasa la nne karudi na habari kwamba kuna mgeni darasani na hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja, eti ni Mrundi. Tuko Kasulu, Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani! Iliniuma. Kwenu ilikuwaje?

Mama Pacha: Watoto wanarudia ya mezani. Nyarugusu Warundi walisoma mtaala wa kwao humo humo kambini, wetu hawakukutana nao. Hayo maneno wameyatoa wapi kama si kwetu?

Kagera Damu: Umenikumbusha 2013. Nilikuwa darasa la sita, Karagwe. Dawati langu nilikaa na jamaa mmoja, hesabu hakuna aliyemgusa, Kinyambo anaongea kuliko mimi. Mwezi wa saba likatoka tangazo, wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka. Kesho yake mchezo ukabadilika. Wale wale aliokuwa akiwaonyesha majibu wakaanza kumuuliza "wewe unaondoka lini?" Mpirani hawampi pasi. Mmoja akaficha daftari lake, akamwambia hutalihitaji. Hakulia, alikuwa anakunja tu kola ya shati. Asubuhi moja hakuja. Wakaanza kugombea nafasi yake ya dirishani kabla hata ya kuitwa majina. Mpaka leo nina hasira na darasa lile.

Chuma: Sheria ni sheria. Kila nchi ina mipaka.

Kagera Damu: Mtoto wa darasa la sita amevuka mpaka gani? Kazaliwa hapo hapo.

Chuma: Kuzaliwa si uraia, soma.

Mjukuu wa 1972: Mimi wa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi huku Tabora. Babu alikuja kutoka Burundi 1972, sisi zaidi ya 160,000 tulipewa uraia. Cheti ninacho. Nilipokwenda sekondari Tabora mjini bado niliitwa mkimbizi bwenini.

Mama Pacha: Pole sana mdogo wangu.

Dagaa wa Kigoma: Kagera Damu, mlionana tena?

Bahari Njema: Jamani, uraia fungueni uzi wake. Mtu wa Buha, nenda kwa mwalimu wa darasa.

Mjukuu wa 1972: Usiende! Mwalimu akisimama mbele kusema "mpendeni mwenzenu", mtoto kwisha. Mimi lilinikuta.

Mkongo wa Ohio: Nilitoka Nyarugusu, sasa watoto wangu ndio wageni huku Marekani. Mkubwa alirudi na dagaa wake hajagusa, walimwambia wananuka. Kilichomsaidia ni mtoto mmoja tu aliyehamia meza yake. Mmoja anatosha.

Dagaa wa Kigoma: Aliyekataa dagaa ndiye wa kuonewa huruma 😂 Mfungashie binti karanga za wawili.

Bahari Njema: Karanga zitaisha, watamwacha. Amchague kwenye timu ya rede.

Mtu wa Buha: Rede binti anaipenda. Namwambia usiku huu. Kagera Damu, umeulizwa swali hapo juu.